Oili nzito ya viwango vya zamani (20W-50 SF) kwa gari kuukuu: inalinda injini au inaficha ugonjwa?

#1 Dereva wa 110
Wakuu habari za jioni.

Nina Corolla 110 ya mwaka 1997, injini 5A-FE. Nilipoinunua nilianza kuiwekea 5W-30 ya API SP, ile ya bei kali, kwa sababu muuzaji dukani alisema ndiyo ya kisasa. Kila nikichomoa dipstiki naikuta oili imeshuka. Asubuhi nikiwasha inatoa moshi wa bluu, halafu kwenye foleni ya Ubungo jua likiwaka taa ya oili inapepesa.

Fundi wangu akasema niachane na maji hayo. Akamwaga yote, akaweka 20W-50, dumu limeandikwa SF/CD. Sasa oili haishuki kama zamani, kelele za juu kwenye valvu zimepungua na taa imetulia.

Hoja yangu: gari za zamani ziwekewe oili iliyoandikwa kwa ajili ya zamani hizo. Hizi SN na SP zimetengenezwa kwa injini mpya, zimepunguzwa dawa, tunauziwa kwa sifa tu. Wenye ujuzi karibuni.

#2 Kijiwe cha Tandika
Naunga mkono hoja. Land Rover 109 ya babu imekunywa SAE 40 maisha yake yote na mpaka leo inapanda milima ya Lushoto na magunia ya kabichi. Wazungu wanabadilisha herufi ili wauze.

#3 Fundi Boneti
Mleta mada, umefunga vitu viwili kwenye furushi moja. Tuvitenganishe, la sivyo uzi huu utapotosha watu.

20W-50 ni uzito. SF ni kiwango cha ubora kwa injini za petroli (CD ni cha dizeli), yaani kiasi na aina ya dawa na majaribio ambayo oili imepita. Unaweza kupata 20W-50 ya SF, 20W-50 ya SL, na 20W-50 ya SN. Zote nzito sawa, ila ndani hazifanani.

API wenyewe, taasisi ya Marekani inayotoa viwango hivi, wanasema SF haifai kwa injini nyingi za petroli zilizotengenezwa baada ya 1988. SG mwisho wake 1993, SH mwisho 1996, SJ inahudumia mpaka 2001. SL ikaja 2001, SM 2004, SN 2010, SP Mei 2020. Kuanzia SA mpaka SH zimeshaondolewa, hawazipi tena leseni. Sasa gari yako ni ya 1997. Kwa hesabu ya hoja yako mwenyewe, ilizaliwa zama za SJ. Hiyo SF ni ya gari iliyotangulia yako karibu miaka kumi!

Kilichokusaidia ni uzito. Tafuta 20W-50 au 15W-40 ya SL au SN, utapata nafuu ileile na dawa bora ya kusafisha na kuzuia tope.

#4 Dereva wa 110
Shukrani Fundi Boneti. Ila fundi wangu anasema oili mpya zimepunguzwa zinki, na zinki ndiyo ilikuwa inalinda chuma kisilane. Hilo nalo si kweli?

#5 Mzee wa Krauni
Hilo ni kweli na ndilo watu wanalolikwepa. Dawa yenyewe ni ZDDP, ina zinki na fosforasi. Chuma kikisuguana na chuma, hiyo dawa inaweka utando unaosagika badala ya chuma. Fosforasi inaua masega ya ekzosi (yale yanayosafisha moshi), basi wakaibana. SM ilipokuja wakaweka ukomo wa asilimia 0.08 wakati kwenye SL ilikuwa 0.10.

Wenye Volkswagen kobe, Toyota za injini ya K zenye fito za kusukuma valvu, hizo zina tepeti bapa na springi ngumu. Kemshafti inasugua tepeti moja kwa moja. Ukiweka oili yenye zinki haba, pembe ya kemshafti inalika mpaka inakuwa duara na valvu haifunguki. Nimeishika mkononi kemshafti ya namna hiyo: pembe saba nzima, ya nane imelala kabisa. Gari ilikuwa inatembea kwa mlegeo na watu wanabadilisha plagi tu.

Kwa hiyo mleta mada asibezwe.

#6 Binti Kemia
Mzee wangu shikamoo. Uliyosema kuhusu ZDDP ni sahihi, ila kuna kipande kimebaki nje. Huo ukomo wa 0.08 kwenye SM na SN unazibana oili nyepesi tu: 0W-20, 5W-20, 0W-30, 5W-30 na 10W-30. Oili nzito kama 15W-40 na 20W-50 hazikuwekewa dari hiyo. Kinachozihusu ni kima cha chini cha 0.06. Kwa hiyo 20W-50 ya SN inaweza kuwa na fosforasi kupita 0.08 na ikabaki ndani ya kiwango. Hakuna haja ya kurudi SF kufuata zinki, na herufi SF peke yake haikuhakikishii zinki nyingi.

Pia 5A-FE si injini ya K. Tepeti zake ni vikombe vilivyokaa chini ya kemshafti. Zinasuguana, ndiyo, ila springi zake ni laini. 1NZ-FE ya IST na Probox ina vikombe vilevile, na Toyota wanaiwekea 5W-30 bila wasiwasi.

#7 Mzee wa Krauni
Marahaba binti. Nimekuelewa kwenye uzito. Ila ukienda Gerezani kununua, nani anakupimia fosforasi? Mimi naangalia karatasi ya kiwanda kama ipo. Kama haipo, naweka 15W-40 ya dizeli kwenye 5K yangu na kemshafti haijawahi kunisumbua.

#8 Suka Mbagala
Hapo kwenye oili ya dizeli ndipo pangu. Hiace yangu ina 3L, inapiga Rangi Tatu kutwa nzima. Nimetembea na SAE 40, nikahamia 15W-40 CF-4. Tofauti niliiona asubuhi: SAE 40 inachelewa kupanda, unasikia juu panalia kwanza ndipo panyamaze. Kwa 15W-40 pananyamaza upesi.

Ila nataka niulize swali ambalo hamjaligusa. Oili nzito inapunguzaje ulaji? Mleta mada anasema moshi wa bluu ni asubuhi ikiwaka. Huo si ugonjwa wa ringi, ni sili za valvu. Usiku gari imelala, oili inachuruzika kwenye miongozo ya valvu inaingia silinda, asubuhi inaungua. Ringi zikiisha moshi unatoka ukikanyaga mzigo mlimani.

Jaribio la madereva: shuka Kitonga kwa gia bila kukanyaga mafuta, ukifika chini kanyaga ghafla uangalie kioo cha nyuma. Wingu la bluu likitoka mara moja na kukata, sili hizo. Ukipanda na wingu linakufuata njia nzima, ringi.

#9 Fundi Boneti
Suka amesema vizuri. Naongeza kipimo cha gereji: pima kompresheni silinda zote, andika. Kisha mimina kijiko cha oili kwenye silinda yenye namba ndogo, pima tena. Ikipanda sana, ringi zimechoka, maana oili imeziba pengo kwa muda. Isipopanda, angalia valvu au gasketi ya silinda hedi. Na sili mbovu za valvu hazionekani kwenye kipimo hiki, namba zinaweza kuwa nzuri na moshi ukawepo. Kwa 5A-FE sili zinabadilishika bila kuteremsha injini.

#10 Spacio Nyeupe
Mimi Spacio yenye 1ZZ-FE. Nimeweka kila uzito uliotajwa hapa. Nzito inapunguza kidogo, haimalizi. Fundi mmoja alifungua akanionyesha pistoni: ringi ya oili imegandia kwenye mfereji wake, vitundu vya kurudishia oili vimezibwa na masizi mpaka havionekani. 1ZZ za mwanzo vitundu hivyo vilikuwa vichache na vidogo, baadaye Toyota wakabadilisha pistoni. Kwa injini kama hii hakuna oili ya kuponya.

Ndiyo maana namwambia mleta mada, SF ni dawa haba ya kusafisha. Leo kelele imepungua, kesho masizi yanazidi na ringi zako nazo zinaganda.

#11 Kirinyaga Road
Salamu kutoka Nairobi. Nyinyi nyote mnaongea kana kwamba kilicho ndani ya mkebe ndicho kilichoandikwa nje. Mimi nauza spea. Mteja anakuja analia kwamba 5W-30 "ya SP" imeisha kwa injini. Nikamwambia alete mkebe. Kifuniko kimefungwa kwa gundi, ile duara ya API nyuma imechapishwa na haina herufi za kiwango, juu imeandikwa SERVICE na basi. Duara halisi inaonyesha API SERVICE SP, katikati uzito, SAE 5W-30. Hapo alinunua oili chafu iliyochujwa tu.

Inawezekana mleta mada hakuwahi kuweka 5W-30 hata siku moja. Alihama kutoka feki kwenda oili halali ya kizamani, akadhani kilichomsaidia ni uzamani.

#12 Kijiwe cha Tandika
😂😂 Mkenya ameua uzi. Ila ana hoja.

#13 Dereva wa 110
@Kirinyaga Road nilinunua duka kubwa tu, si barabarani. Sikuiangalia hiyo duara. Mkebe nilishampa jirani anawekea mafuta ya taa.

#14 Mama Probox
Mnaosoma mkiwa na gari za VVT-i, tafadhalini msiondoke hapa na 20W-50. 5A-FE ya mleta mada haina VVT-i, 1NZ inayo. VVT-i, mfumo unaobadilisha muda wa valvu kufunguka, inaendeshwa kwa presha ya oili: kuna valvu ndogo inayoruhusu oili iende kuzungusha gia ya kemshafti, na kabla yake kuna chujio dogo la waya. Probox yangu ya mizigo ilikuwa mikononi mwa dereva aliyeamini oili nzito. Ikawa nzito kuondoka asubuhi, taa ya injini ikawaka, mashine ikasoma P1349, kosa la VVT-i. Fundi alipotoa kile chujio kilikuwa kimejaa utando mweusi kama lami. Akakisafisha, akarudisha 5W-30, gari ikachangamka.

#15 Fundi Boneti
Dada, utando ule haukuletwa na uzito. Umeletwa na kukaa na oili muda mrefu bila kumwaga. Dereva wako aliiacha mpaka ikapikika. Ila ni kweli oili nzito ikiwa baridi inachelewesha VVT-i.

#16 Mama Probox
Tarehe za kumwaga oili naandika mwenyewe kwenye daftari, hazikuruka. Kilichobadilika ni oili tu. Kwa hiyo nabaki na maelezo yangu.

#17 Mkazi wa Matrah
Assalaam alaykum kutoka Muscat. Huku kiangazi joto linapita nyuzi 45. Land Cruiser yangu ni 1FZ-FE ya petroli, haina VVT-i, na inapanda milima ya ndani na mzigo. Naweka 20W-50 na kitabu chake kinairuhusu: kuna mchoro wa joto la nje, na 20W-50 imo kwenye upande wa joto. Wengi mnaonunua gari za soko la Japani hamna kitabu cha Kiingereza wala Kiarabu, mna cha Kijapani tu, mkafuata 5W-30 kwa sababu imebandikwa kwenye boneti. Japani kuna theluji ndugu zangu. Dar hakuna.

#18 Binti Kemia
Wa alaykum salaam. Kuhusu baridi ni kweli, ila tuweke namba ili tusibishane hewani. Herufi W ni ya baridi. 20W inapimwa kuzungusha injini kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri, 5W kwenye 30 chini ya sifuri. Dar haifiki huko, kwa hiyo namba ya mbele haitutishi sana. Namba ya nyuma inapimwa kwenye nyuzi 100, kwa sentistoki (kipimo cha uzito wa oili): ya 30 inaanzia 9.3 mpaka chini ya 12.5, ya 40 mpaka chini ya 16.3, ya 50 mpaka chini ya 21.9. Kwa hiyo ukitoka 30 kwenda 50 umeruka ngazi mbili, na kwa kawaida uzito unaongezeka kwa zaidi ya nusu.

Na joto la nje si joto la oili. Thermostati inashikilia maji ya injini karibu na nyuzi zilezile, uwe Muscat uwe Makete. Oili ya kwenye sampu (bakuli la chini ya injini) ndiyo inapanda ukiwa na mzigo mlimani.

#19 Makete Baridi
Umenitaja, nimekuja. Njoo Juni saa kumi na moja alfajiri uwashe gari yenye 20W-50 uone. Betri nzuri kabisa inalalamika. Dipstiki ukiichomoa oili inaning'inia kama asali, haidondoki. Huku tunatumia 10W-40 kwa gari kuukuu. Nzito ya kutosha kwa injini iliyolegea, na asubuhi inapanda upesi.

#20 Suka Mbagala
Tuongelee taa ya oili sasa. Mleta mada alisema ilikuwa inapepesa kwenye foleni na imetulia. Hilo ndilo linanitia hofu kuliko moshi. Presha ya oili ni ukinzani. Beringi za krenki zikilika pengo linapanuka, oili inapita kirahisi, presha inashuka, taa inapepesa ikiwa imechemka na iko sailensi (inaunguruma bila kukanyaga mafuta). Ukiweka nzito inapita kwa shida, presha inapanda, taa inazimika. Pengo liko palepale!

#21 Mzee wa Krauni
Suka, au ni sensa. Sensa ya oili ya Toyota zile inavuja na kuchoka, kila fundi anajua. Afunge geji ya mkono mahali pa sensa, asome akiwa sailensi injini ikiwa imechemka. Ndipo aanze kulia.

Halafu pengo likishapanuka, kosa la kuweka oili nzito liko wapi? Mtu hana hela ya kufungua injini. Gari ni ya kumpeleka kazini na watoto shule. Oili nzito ikimpa miaka mingine ya kutembea, imefanya kazi yake. Tusiwasute watu kwa kutokuwa na pesa.

#22 Spacio Nyeupe
Hapo Mzee umenigusa. Bei ya kufungua injini unapata injini nyingine ya mtumba Ilala na chenji ya filta.

#23 Kijiwe cha Tandika
Na oili chafu mnapeleka wapi wakuu? Mimi naihitaji, nina mbao za kenchi nataka kupaka mchwa wasile.

#24 Makete Baridi
Paka nje huko juani kabla hujapandisha, na vaa glavu. Usipake karibu na kisima. Ile inaingia kwenye ngozi na kwenye maji na haitoki.

#25 Boda Chanika
Samahani kwa kuingilia. Mimi nina pikipiki, nikisoma hapa mnasifia 5W-30. Niweke?

#26 Fundi Boneti
Hapana mdogo wangu. Klachi ya pikipiki yako inaogelea humohumo kwenye oili ya injini. Oili nyepesi za magari zina dawa ya kupunguza msuguano, klachi itateleza, utaongeza moto na pikipiki haivuti. Tafuta iliyoandikwa JASO MA, uzito 20W-50 au 10W-40 kama kitabu kinavyosema.

#27 Boda Chanika
Asante mkuu. Kumbe klachi yangu...

#28 Dereva wa 110
Nimerudi. Leo nimepita kwa fundi na maswali yenu yote. Kuna jambo sikuliandika mwanzoni kwa sababu sikulipa uzito: siku ile ya kumwaga oili alibadilisha pia gasketi ya kava ya tepeti iliyokuwa inavuja, na ile valvu ndogo ya PCV, inayotoa hewa ya ndani ya injini. Anasema ya zamani ukiitikisa ilikuwa haichezi ndani, imeganda.

#29 Fundi Boneti
Ee bwana! Hapo mambo yamebadilika. PCV ikiganda, hewa ya kwenye krenki haina pa kutokea. Inasukuma oili kwenye kila sili, au inavutwa na kuungua kupitia manifoldi. Ulaji unaweza kushuka kwa PCV peke yake, na nje gasketi ilikuwa inamwaga. Oili nzito umeipa sifa za kifaa cha bei ya soda.

#30 Suka Mbagala
PCV haizimi taa ya oili. Taa imezimwa na uzito. Na moshi wa asubuhi?

#31 Dereva wa 110
Moshi wa asubuhi upo bado, ila mdogo.

#32 Suka Mbagala
Sili za valvu. Niliandika post #8.

#33 Kirinyaga Road
Na mimi bado nasimama kwa feki, maana hakuna aliyeuona huo mkebe wa kwanza.

#34 Binti Kemia
Mleta mada, kama una nafasi: oili ijayo weka 10W-40 ya SN au SP uliyoikagua duara lake, PCV mpya ikiwa imeshakaa. Ulaji usipopanda, basi 50 haikuwa lazima. Ukipanda, tutajua uzito ulikuwa unafanya kazi. Na ufunge ile geji ya Mzee.

#35 Mzee wa Krauni
Mimi nasema abaki na 20W-50, apandishe herufi tu, SL au SN. Gari imetulia, usiichokoze. Geji naunga mkono.

#36 Suka Mbagala
Akifunga geji alete namba hapa, sailensi na kwenye mizunguko elfu tatu. Kabla ya namba sitabadilisha msimamo wangu kuhusu beringi.

#37 Dereva wa 110
Geji fundi ataazima kwa jirani yake Jumamosi. Nitaleta namba zote mbili, na kompresheni kavu na ya kijiko.